Boga Lililopasuka Kando ya Kijito

Jumapili usiku, mwanzoni mwa Oktoba, mpwa wangu alinisogezea karatasi kwenye meza ya jikoni akasema, "Shangazi, nimebakiza kimoja tu."

Ilikuwa kazi ya shule. Jedwali, na juu yake jina la hadithi ambayo watoto wengi wanaosoma Marekani hukutana nayo siku moja: ile ya Sleepy Hollow, ya Washington Irving. Mandhari alishajaza: bonde karibu na Mto Hudson, mwaka 1790 hivi. Wahusika: mwalimu Ichabod Crane, binti wa tajiri Katrina Van Tassel, kijana wa mabavu Brom Bones, na askari wa Kijerumani aliyeng'olewa kichwa na mzinga vitani, ambaye hutoka kaburini usiku kwenda kukitafuta. Mgogoro: wanaume wawili, msichana mmoja. Taharuki tayari, taswira tayari.

Chumba cha mwisho kiliuliza: nani anasimulia?

Alikuwa ameandika kwa penseli "mtu aliyekuwepo", akafuta, akaandika tena, akafuta tena. Karatasi ilishaanza kuchanika pale.

"Hakuwepo," nikamwambia. "Msimulizi yuko nje ya hadithi."

"Sasa amejuaje Ichabod alikuwa anawaza nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Kabla ya kuhamia huku nilifundisha fasihi Tanga kwa miaka tisa. Fani na maudhui nimeziandika ubaoni mpaka vidole vikapasuka kwa chaki. Lakini usiku ule, saa nne na dakika zake, mtoto anasinzia, sikuwa na jibu la kweli. Tukaandika "nafsi ya tatu, anajua yote", akaenda kulala. Alama akapata.

Mimi nikabaki na swali, na lilinikaa wiki nne.

Hathibitishi

Msimulizi yule hajui yote. Anasema mwenyewe, tena mapema.

Nilirudi kwenye hadithi wiki ile ile, peke yangu, kalamu mkononi. Aya ya kwanza kabisa ikanisimamisha. Msimulizi anaeleza jina la Tarry Town, mji wa kukawia: eti wake wa wakulima ndio walioupa jina hilo, kwa sababu waume zao walikwenda sokoni wakanasa kwenye kilabu cha pombe. Hapo hapo anaongeza kwamba yeye hathibitishi jambo hilo, analitaja tu ili awe sahihi na wa kuaminika.

Anakataa kuthibitisha, na sababu anayoitoa ni usahihi.

Sentensi hiyo nilikuwa nimeipita mara nyingi kama utani wa kufungulia mazungumzo. Safari hii niliitia alama, nikaanza kutafuta ndugu zake. Wapo.

Mkubwa wao yuko usiku wa karamu nyumbani kwa akina Van Tassel. Wageni wanaaga, magari ya farasi yanaondoka, Ichabod anabaki nyuma azungumze na Katrina wawili tu. Ameshajiona mkwe wa nyumba. Kurasa zote zilizotangulia zimekuwa zikitupeleka kwenye mazungumzo hayo. Msimulizi anafika hapo, anasema hatajifanya anajua kilichosemwa, kwa kuwa kwa kweli hajui. Tunachopewa ni mwalimu anayetoka baada ya muda mfupi, amenywea, anakwenda moja kwa moja zizini bila kugeuza shingo kutazama mali aliyokuwa akiimezea mate, na kumwamsha farasi kwa makofi na mateke.

Mtu aliyejua mpaka ndoto za tumbo la Ichabod hajui maneno machache yaliyosemwa ukumbini. Sikuweza kuamini kwamba huo ni uzembe wa mwandishi.

Njaa ya mwalimu

Ndoto za tumbo nizieleze, maana ndipo ninapompenda sana Irving.

Ichabod anapita katika shamba la mzee Baltus Van Tassel, babake Katrina. Kila kitoto cha nguruwe anachokiona, kwake kimeshaokwa: kinakimbia huku kimejazwa vitu tumboni na kubanishwa tufaha mdomoni. Njiwa wamelazwa ndani ya pai, wamefunikwa shuka la unga. Bata bukini wanaogelea kwenye mchuzi wao wenyewe. Bata wa kawaida wamekaa sahanini wawili wawili kama maharusi, na mchuzi wa vitunguu wa kutosha.

Kwenye chumba cha taswira mpwa wangu alikuwa ameandika neno moja: chakula. Ni sahihi. Kuna kazi moja zaidi inayofanyika pale. Irving anatuonyesha macho ya mtu asiyeona kitu kilivyo. Penye nguruwe anaona nyama, penye msichana anaona ghala. Macho hayo hayo ndiyo yatakayotazama giza saa chache baadaye, na sisi hatutakuwa na macho mengine.

Halafu ni njaa ya kweli. Mwalimu wa kijiji enzi zile alilishwa na kulazwa na wazazi wa wanafunzi, wiki kwa huyu, wiki kwa yule, na Ichabod anazunguka na mali yake yote imefungwa kwenye leso ya pamba. Nimefundisha miezi ambayo mshahara ulichelewa, nikichukua unga dukani kwa daftari. Najua mtu anavyotazama kuku wa watu akiwa katika hali hiyo. Wasomaji wengi humwona Ichabod kuwa mlafi na mpenda mali, na maandishi yanawapa sababu. Mimi kila nikisoma namwona kwanza mwenzangu wa chaki.

Hata jina lake ni majazi, kama tunavyofundisha darasani: jina linalomweleza mwenyewe. Crane ni korongo, na mwili wake ndio huo: mrefu, mwembamba, mikono imetoka mbali nje ya mikono ya koti, pua kama mdomo wa ndege. Ichabod ni Ikabodi wa kitabu cha kwanza cha Samweli, mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, mama yake akampa jina la kusema kwamba utukufu umeondoka katika Israeli. Wasomaji wa Irving waliijua Biblia vizuri. Walipoliona jina tu walishajua kwamba huyu hatapewa shamba wala binti.

Namna ya kumtisha mtu

Usiku ulipofika wa kuisoma ile safari ya kurudi nyumbani, niliisoma kwa sauti, polepole, nikihesabu vitisho.

Ni saa za wanga. Ichabod yuko juu ya farasi mzee wa kuazima, kichwani mna visa vyote vya mizuka alivyosimuliwa karamuni. Anafika kwenye mti mkubwa wa Meja André, jasusi wa Waingereza aliyekamatwa maeneo hayo Septemba 1780 na kunyongwa Oktoba 2 mwaka huo huo. Huyo hakubuniwa. Irving amechukua maiti ya historia akaitundika katikati ya hadithi yake.

Ichabod anapiga mluzi. Anadhani mluzi wake umejibiwa. Ni upepo tu katika matawi makavu.

Anaona kitu cheupe kinaning'inia mtini. Anasogea. Ni jeraha la radi, gome limebanduka, mti umebaki mweupe.

Anasikia mtu anaguna. Meno yanagongana, magoti yanagonga tandiko. Ni tawi linasugua tawi.

Mara tatu tunaogopeshwa, mara tatu tunapewa maelezo. Pumzi inashuka. Tumeshazoeshwa kwamba kila kishindo kina sababu yake, na sababu inakuja katika sentensi inayofuata.

Ndipo kando ya kijito anatokea mpanda farasi mkubwa, mweusi, kimya. Ichabod anauliza, "Wewe nani?" Hajibiwi. Anauliza tena. Hajibiwi. Anajaribu kuimba zaburi, ulimi umeganda kwenye kaakaa. Wanapopanda kilima umbo lile linajitokeza mbele ya anga, na kichwa hakiko mabegani. Kimepakatwa mbele, kwenye tandiko.

Sisi tunangoja ile sentensi ya maelezo. Haiji.

Wanakimbizana. Tandiko linachomoka, Ichabod anamkumbatia farasi shingoni, anaona ukuta wa kanisa uking'aa chini ya miti, anakumbuka kwamba mzuka hutowekea darajani. Kwato zinapiga mbao za daraja. Anageuka nyuma kuona kama umetoweka, anauona umesimama kwenye vikuku vya tandiko, umeinua kichwa chake, unamrushia.

Asubuhi mwalimu hayupo kifungua kinywa. Hayupo shuleni. Wanatafuta, wanakuta tandiko limekanyagwa matopeni, na ng'ambo ya daraja, ukingoni mwa kijito, kofia ya Ichabod. Pembeni yake, boga lililopasuka.

Maelezo yamekuja. Yamechelewa usiku mzima, na yamekuja kama kitu, hayana neno hata moja la kuyafafanua. Msimulizi hasemi Brom alifanya nini na boga. Anasema tu kwamba Brom alimwoa Katrina, na kwamba kila hadithi hii ilipofika kwenye boga alicheka sana, na alionekana mtu anayejua kitu. Akina mama wa kijiji wao wanashikilia kwamba mwalimu alichukuliwa na mzuka. Mkulima mmoja aliyekwenda New York alirudi na habari kwamba Ichabod ni mzima, amesomea sheria, ameingia siasa, amekuwa hakimu wa mahakama ndogo.

Na shule iliyoachwa ikabomoka, na vijana wanaotoka kulima jioni husikia sauti ya mwalimu kwa mbali ikiimba zaburi. Bonde lilipoteza mwalimu likapata mzuka mwingine.

Uongo njoo

Kuna ukurasa wa nyongeza baada ya hadithi kwisha, na wasomaji wengi huuruka. Mimi pia niliuruka mara ya kwanza. Jibu la mpwa wangu lilikuwa limelala humo.

Hadithi inaanza kwa kusema kwamba ilikutwa katika makaratasi ya marehemu Diedrich Knickerbocker, mwanahistoria ambaye Irving alimbuni. Hayo makaratasi yamo katika kitabu cha Geoffrey Crayon, bwana mwingine wa kubuni, kilichotoka kwa mafungu mwaka 1819 na 1820. Kwenye nyongeza, Knickerbocker anasema yeye naye aliisikia katika mkutano mjini, kutoka kwa mzee mmoja mchangamfu mwenye nguo zilizochakaa na uso wa huzuni. Anasema alimshuku kuwa ni maskini, kwa jinsi alivyojitahidi kuwafurahisha watu.

Hesabu vinywa. Irving, Crayon, Knickerbocker, mzee wa nguo chakavu, na nyuma yake bonde zima.

Bwana mmoja mkavu anamuuliza mzee yule hadithi inafundisha nini. Mzee anampa jibu la kuzungusha lisilo na kichwa wala miguu. Bwana anasema bado ana shaka na jambo moja mawili. Mzee anamwambia kwamba, kwa kweli, hata yeye mwenyewe haamini nusu yake.

Niliposoma hapo nilimsikia bibi yangu. Hadithi hadithi! Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Kwetu kiapo hicho kinatangulia. Unauita uongo uje, kila mtu aliyekaa mkekani anaitikia, mnakuwa mmekubaliana kabla jini la kwanza halijaingia. Mzee wa Irving amekiweka mwishoni, baada ya watu kuogopa vya kutosha. Nimekaa na tofauti hiyo siku nyingi. Ukiambiwa mwanzoni, unaingia gizani mmeshikana mikono. Ukiambiwa mwishoni, unarudi nyuma mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta nusu ipi ni ipi.

Halafu likanijia jambo lililoniamsha kitandani. Mzee maskini. Anajitahidi kuwafurahisha wenye mji ili asikilizwe. Anajua njaa ya mwalimu kwa undani, mpaka mchuzi wa vitunguu. Anajua kila alichokiwaza barabarani usiku ule, peke yake, bila shahidi. Na mahali pamoja tu ambapo Ichabod alidhalilishwa mbele ya mwanamke, hapo anasema hajui.

Sisemi kwamba mzee yule ni Ichabod. Maandishi hayasemi, na habari ya uhakimu inavuta upande mwingine. Ila mtu aliyekataliwa anaweza kusimulia usiku ule wote na kuiruka dakika moja. Irving mwenyewe alijua unyonge wa kujitahidi kufurahisha: biashara ya familia yake ilifilisika mwaka 1818, na hadithi hizi aliziandika Uingereza akitafuta namna ya kuishi kwa kalamu.

Mtu aliyekuwepo. Mtoto aliandika hivyo, mimi nikamkatalia.

Asubuhi nilimwambia kabla hajapanda basi la shule. "Jibu lako la kwanza lilistahili kubaki. Nilikosea kukukatalia." Akanitazama, akauliza kama anaweza kurudishiwa karatasi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Lakini shangazi, waliokuwepo ni wengi. Wale wa dirishani je?"

Wale wa dirishani

Nilijua anaowasema. Nilikuwa nimewapita kila mara, kwa haraka, kama mtu anayepita penye harufu.

Ichabod anacheza dansi kwenye karamu, viungo vyote vinaruka. Mwanamuziki ni mzee mweusi mwenye mvi, mpiga fidla, ambaye kwa zaidi ya nusu karne amekuwa ndiye bendi ya eneo lile zima. Madirishani na milangoni wamejazana watu weusi wa shamba na majirani, wa kila umri, wanatazama. Irving anawachora kwa mzaha wa zama zake, macho na meno, mzaha unaouma kuusoma mbele ya mtoto mweusi. Hata mwaliko wa karamu uliletwa shuleni na mtu mweusi juu ya farasi asiyefunzwa vizuri. Alitoa ujumbe wake akapotea bondeni kwa kasi.

Hakuna mmoja kati yao aliyepewa jina.

Hapa nilisita sana. Niliogopa kuibebesha hadithi mzigo usio wake. Nina wasiwasi na uchambuzi unaofika kwenye kila kitabu na hukumu mkononi. Kwa siku kadhaa niliacha.

Kilichonirudisha ni miaka. Mwaka 1790, ambapo hadithi imewekwa, jimbo la New York lilikuwa na watumwa zaidi ya 21,000. Sheria ya kuwaachia polepole ilipitishwa 1799. Utumwa ulikoma kabisa jimboni Julai 4, 1827. Hadithi ilipochapwa 1820, walikuwepo bado watu wa kununuliwa kando ya mto ule ule. Kwa hiyo waliokuwa dirishani hawakuwa wageni waliokosa viti. Shamba ambalo Ichabod analimezea mate, nguruwe, mahindi, maghala yaliyofurika, lilikuwa na mikono iliyolilima, na mikono hiyo imesimama nje inatazama.

Nikaona ndani ya hadithi hii kuna kimya cha namna mbili. Kimya cha ukumbini, cha Katrina na mwalimu, Irving alikijenga. Alikitangaza, akakizungushia ua, msomaji akijue na kimsumbue. Kimya cha dirishani hakukijenga. Alikikuta kimeshajengwa na dunia yake, akakipita akicheka. Msimulizi anayekiri asichokijua mara kwa mara, kuhusu hawa hakiri chochote, maana hakuna alichojiuliza.

Na katika nyumba kama ile, anayejua kilichosemwa ukumbini baada ya wageni kuondoka ni anayeondoa vyombo.

Daraja

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tulipanda treni Yonkers, mimi na mpwa wangu, mto upande wa kushoto umetanda kama bahari ndogo. Tulishuka Tarrytown tukatembea. Mji unaofuata uliitwa North Tarrytown mpaka mwaka 1996 ulipojipa rasmi jina la hadithi. Siku ile kila kizingiti kilikuwa na boga.

Kanisa la zamani la Waholanzi lipo kweli, dogo, la mawe, la mwishoni mwa karne ya 17. Irving amezikwa makaburi ya jirani, kilimani, chini ya jiwe jeupe la kawaida. Aliletwa maeneo haya akiwa kijana mwaka 1798 kukimbia homa ya manjano New York, ndipo alipozisikia hadithi za bonde. Daraja la leo ni la magari. Mpwa wangu alisimama katikati yake akatazama nyuma, kama Ichabod, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Karibu hapo hapo, ng'ambo ya barabara, kuna bwawa na kinu cha maji. Ndipo yalipokuwa makao ya shamba la ukoo wa Philipse, uliomiliki bonde hili. Frederick Philipse, aliyejenga kanisa, ndiye aliyeleta watumwa hapa. Katika miaka ya 1690 meli zake zilifika mpaka Madagaska kununua watu. Bahari yetu. Sikuwa nimetegemea kuikuta kando ya Hudson.

Mwanawe Adolph alipofariki mwaka 1750 iliandikwa orodha ya mali yake. Waafrika 23 wamo humo. Wao wana majina. Mwenye kuendesha kinu aliitwa Caesar. Mwingine aliitwa Dimond, aliendesha chombo cha majini.

Mpwa wangu akauliza kama Caesar alisikia habari za mpanda farasi. Nikamwambia Caesar alitangulia, vita vya askari yule vilikuja miaka mingi baada ya orodha. "Basi watoto wake," akasema, akarusha jiwe bwawani.

Askari wa Kijerumani aliyekufa katika vita visivyo vyake, kila mtu hapa anamjua. Picha yake iko kila mahali.

Simu ya Tanga

Jioni yetu ni usiku wa manane Tanga, kwa hiyo tulingoja Jumapili asubuhi. Mama alikuwa barazani, nasikia pikipiki zikipita. Mpwa wangu akamwamkia, akaitikiwa, akaombwa asimulie huko tulikokwenda.

Akasimulia yote. Kiswahili chake kinakwama kwama, lakini hakuomba msaada. Mama alisikiliza bila kumkatiza, isipokuwa pale kwenye askari. "Yaani ni kiwiliwili kitupu kiko juu ya farasi," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha. Alipofika kwenye boga mama aliguna. Alipomaliza, na mwalimu ametoweka, na harusi imefungwa, kukawa kimya nikadhani simu imekatika.

"Na yule mzee wa fidla?" mama akauliza.

"Yupi bibi?"

"Si umesema kulikuwa na mzee anapiga fidla. Watu wakaondoka na magari yao, mwalimu akaondoka na farasi. Huyo mzee alirudi kwake njia gani? Usiku ule ule, si ndiyo? Na njia si ni ile ile?"

Kitabu kilikuwa mezani. Mpwa wangu akakivuta, akafungua penye karamu, akafuata mistari kwa kidole. Akafunua ukurasa. Akarudi nyuma, akafunua tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nasoma juu ya bega lake, na mimi natafuta.

"Bibi, haijaandikwa."

"Mtazame vizuri," mama akasema. "Alikuwepo."